Barabara Yetu ya Samuye

 

Mara nyingi tumesoma katika kurasa hizi habari za milima, za maziwa, na za miji ya mbali. Habari hizo ni njema, nasi twazisoma kwa furaha. Lakini leo tumeona vema kuandika habari za kitu kilicho mlangoni petu, ambacho twakipita kila siku, na kwa sababu hiyo hatukitazami. Kitu hicho ni barabara. Hatusemi juu ya barabara yote itokayo nchi za kusini hata Mwanza, maana hiyo ni ndefu, nasi hatuwezi kuimaliza. Twasema juu ya kipande kifupi tu, kile kianziacho njia panda ya Tinde, kikapita Usanda na kwetu Samuye, kikafika Kizumbi, na mwisho kikaingia mjini Shinyanga. Mwenye baisikeli njema akitoka kwetu alfajiri hufika sokoni kabla jua halijawa kali. Ndivyo kilivyo kifupi. Lakini juu yake yamepita mambo mengi, na moja katika hayo ni kosa letu wenyewe. Tutalieleza zamu yake ikifika.

Kwanza na tuifuate njia yenyewe. Msafiri atokaye Nzega akifika Tinde huona njia zinagawanyika. Ya mkono wa kushoto yaenda Isaka na Kahama, kisha yaendelea mpaka nchi za Rwanda na Burundi. Ya mkono wa kulia ndiyo yetu. Tinde ni mahali pa kelele: malori yamesimama safu safu, akina mama wanauza chai, na vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na mahindi ya kuchoma. Lakini ukigeukia kulia, kelele hubaki nyuma yako, na mashamba huanza: mtama, pamba, dengu, viazi, na mpunga katika mbuga. Udongo wa mbuga zetu ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa hata mguu wa ndama waweza kutumbukia. Wakati wa masika hushika gurudumu kama ulimbo unavyoshika ndege. Msomaji alikumbuke neno hili, maana ndilo lililofanya kazi ya barabara katika nchi yetu kuwa ngumu tangu zamani.

Baada ya Usanda ndipo Samuye, yaani kwetu: maduka, mashine ya kusaga, makanisa, shule, na miembe michache. Mbele yetu ni Kizumbi, penye chuo cha mambo ya ushirika, na hapo mtu huanza kuona mji: nyumba zinakaribiana, nguzo za umeme zinaongezeka, na pikipiki zimekuwa nyingi kama kumbikumbi. Kisha ni Shinyanga penyewe. Barabara haiishii hapo. Hutoka upande wa pili ikaenda Kolandoto, penye hospitali ambayo kazi yake ilianzishwa na wamisheni wa Africa Inland tangu 1913, na njia nyingine hugawanyika hapo kwenda Lalago na Meatu. Ile iliyo kuu huendelea mpaka Maganzo na Mwadui, na mwisho ziwani. Lakini sisi tumeahidi kipande chetu tu, basi na turudi.

Wazee wetu hawakuwa na barabara. Walikuwa na vijia. Kijia ni njia ya mguu, mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, nacho hupinda kila penye mti ulioanguka, wala hakinyoki tena hata mti ukiisha kuoza. Kwa vijia kama hivyo Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo kichwani na mabegani kwenda pwani na kurudi. Katika Julai 1858 Mwingereza Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora, akapita katika nchi hizi pamoja na wapagazi wake, na tarehe 3 Agosti akasimama juu ya kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa. Majuma matatu na zaidi kwa miguu! Leo mtu hutoka Tabora asubuhi akalala Mwanza, tena hunung'unika kwamba basi lilikawia.

Tena sisi Wakristo haitupasi kumsahau Alexander Mackay, yule fundi kutoka Scotland aliyetumwa na chama cha CMS kwenda Uganda. Mwaka 1877, kabla hajafika huko, alipewa kazi ya kufyeka na kutengeneza njia kutoka Saadani pwani hata Mpwapwa, nayo ilikuwa maili 230 hivi. Watu wengi humkumbuka kwa kupiga chapa vitabu na kufundisha kusoma. Ni kweli, lakini kabla ya kushika herufi za chuma alishika shoka na sururu. Alifariki Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, wala si mbali sana na kwetu. Huwaambia watoto darasani habari zake, wapate kujua ya kuwa kazi ya kutengeneza njia si kazi ya aibu. Nabii Isaya naye, alipotaka kueleza jinsi watu wanavyopaswa kujitayarisha kumpokea Mungu, hakutafuta mfano mwingine ila mfano wa njia inayosawazishwa jangwani.

Baada ya hayo yalikuja mambo mawili yaliyoibadili nchi yetu. La kwanza ni sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyoingia mnamo 1891 ikamaliza makundi. Ng'ombe walipokwisha, malisho yakageuka vichaka, na katika vichaka wakaja mbung'o, na mbung'o wakaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Wazee walituambia ya kuwa mahali pengi penye mashamba leo palikuwa msitu, na mtu hakuthubutu kupitisha ndama. Katika miaka ya 1920 Bwana Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa mambo ya wanyama wa mwitu, alishauriana na watemi, na watu wakatoka kwa maelfu kufyeka vichaka, kila kijiji na vijana wake chini ya nsumba ntale wao, wakiimba. Kazi ya kuchunguza habari za mbung'o ikawekwa Shinyanga ya Kale. Bwana huyo alikufa mwaka 1938 katika ndege iliyoanguka.

Jambo la pili ni reli. Njia ya gari moshi kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Shinyanga. Hapo kwanza boma la serikali lilikuwa Shinyanga ya Kale. Reli ilipopita kando, mji ukaifuata reli, na mahali pa zamani pakabaki na jina la uzee. Hivyo ndivyo miji ilivyo: njia huenda mbele, na mji huifuata kama ndama amfuatavyo mama yake.

Babu yetu alikuwa kijana siku zile, naye alichimba barabara yetu. Sisi tulimkuta mzee, ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe, na kazi yake ilikuwa kusimulia. Alisema ya kuwa kila mwaka baada ya mvua mtemi alitoa amri, na kila nyumba ikatoa mtu mmoja na jembe lake. Walichimba mifereji pande mbili, wakatupa udongo katikati, wakaleta changarawe kwa vikapu. Mwaka uliofuata mbuga ilikuwa imemeza yote, wakaanza tena. Tulimwuliza, "Guku, mlilipwa nini?" Akajibu, "Tulilipwa njia." Kisha akacheka, akaongeza ya kuwa motakaa ya kwanza walipoiona ikipita juu ya kazi yao iliwarushia tope usoni. Hatukujua kama alisema kwa uchungu au kwa fahari. Labda yote mawili.

Mwaka 1940 Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Canada, aliipata almasi ya Mwadui, na njia yetu ikaanza kuona malori yasiyochukua pamba tu. Huko Mwadui ilitoka mwaka 1947 ile almasi ya rangi ya waridi, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika mwaka wa arusi yake. Babu yetu alipoambiwa habari hiyo aliuliza swali moja tu: je, wameitengeneza barabara?

Sasa twafika mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza ya kuwa kukaa katika vijiji si hiari tena bali ni lazima, na mwaka 1974 kazi hiyo ikafika Shinyanga kwa nguvu. Wasukuma hawakuzoea kukaa karibu karibu. Kila mtu alikuwa na mji wake, na ng'ombe zake, na ngitili yake ya malisho, na jirani ni yule ambaye sauti ya kumwita humfikia. Mwaka ule tuliambiwa tutoke, tukajenge kando ya barabara, ili shule na dawa na maji viweze kutufikia. Tulikuwa na umri wa miaka sita. Twakumbuka mama yetu amebeba mtungi kichwani na kuku mikononi, na baba yetu ameng'oa mlango wa nyumba akauchukua mgongoni, kwa kuwa alisema mlango ule ni wa mninga wala hauachi. Alipimiwa kiwanja chake, akaonyeshwa mahali pa kusimamisha nyumba, akasimamisha papo hapo alipoonyeshwa. Nyumba ile ingaliko, na mlango wake ni ule ule.

Ni haki kusema kweli: shule ilikuja. Kama tungalibaki kule mbugani, pengine tusingalijua kusoma, wala tusingaliandika maneno haya. Lakini yako yaliyopotea pia. Watu walipokusanyika kando ya njia, miti iliyokuwa karibu ilikatwa yote kwa kuni, na Shinyanga ikajulikana kwa ukame na vumbi. Babu zetu walifyeka vichaka kwa sababu ya mbung'o, na baba zetu wakamaliza vilivyobaki kwa sababu ya vyungu. Ndipo mwaka 1986 serikali ilipoanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu huiita HASHI, tukaanza kujifunza tena ile desturi ya ngitili tuliyokuwa nayo zamani. Mtu huweza kutembea njia ndefu akajikuta amerudi kwenye mlango alioutoka.

Baba yetu alifariki 1991, tukamzika nyuma ya nyumba yake. Wakati huo sisi tulikuwa mwalimu, tena mshahara wa mwalimu wasomaji waujua. Basi mwaka 1998 tulijenga kibanda cha duka mbele ya nyumba ya baba, karibu kabisa na barabara, ili wapitao wakione. Tuliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa, daftari na penseli. Mzee mmoja wa kijiji alituambia kwa upole, "Mwalimu, pale mbele ni pa barabara." Tulimjibu kwamba barabara ina nafasi ya kutosha. Siku zile ilikuwa changarawe tupu, na motakaa zilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo. Kibanda kilileta faida, wala hatukuona dhambi ndani yake.

Katika miaka ya kwanza ya karne hii lami ikafika. Ndugu wasomaji, hatuwezi kueleza furaha ya siku zile. Watoto walivua viatu wakaigusa lami kwa nyayo zao kana kwamba ni kitambaa. Mgonjwa aliyekuwa akifikishwa mjini amechoka kwa kutikiswa, sasa alifika amelala. Pamba iliyokuwa ikiozeshwa na mvua njiani ilifika kiwandani ingali nyeupe. Lakini lami ina tabia moja ambayo hatukuifikiri: haina mashimo, na pasipo mashimo dereva hana sababu ya kwenda polepole. Kijiji kilichowekwa kando ya njia mwaka 1974, wakati motakaa chache zilipita kwa siku, sasa kilikuwa kando ya mto usio na kivuko.

Mwaka 2006, siku ya Jumatano, saa saba na nusu, watoto wametoka shuleni, msichana mmoja wa darasa la tatu alikuja dukani petu kununua penseli. Alikuwa ng'ambo ya barabara. Alivuka nusu ya kwanza vizuri, kama tulivyomfundisha, akatazama kulia, akatazama kushoto. Lakini upande ule motakaa ilikotoka, kibanda chetu kilikuwa kimetokeza, kikaziba macho yake na macho ya dereva pia. Ilimpiga mguuni ikamtupa. Haikusimama.

Tulitoka tukamkuta amelala katika mfereji, sarafu ingali mkononi mwake. Motakaa tatu zilipita zikazunguka pembeni zikaenda zake. Ya nne ilikuwa lori la samaki kutoka Mwanza. Dereva wake alikuwa mgeni, Mwislamu, hatumjui na hatujamwona tena. Alishuka, akatandika kanzu yake mbele ya gari, akamlaza mtoto, akageuza lori lake lote lenye barafu inayoyeyuka akarudi naye mjini hospitalini. Alikaa huko mpaka baba wa mtoto alipofika kwa baisikeli. Hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji habari ya ile njia ishukayo kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tumeifundisha mara nyingi shuleni na kanisani, na kila mara tulijihesabu miongoni mwa wale wanaopita njia ile. Siku hiyo hatukuwa miongoni mwa wanaopita. Tulikuwa ni watu wa kando ya njia, wenye kibanda.

Mtoto alipona, lakini mguu ulipona kwa upande, akawa anachechemea. Kijiji kilimlaani dereva aliyekimbia, nasi tulilaani pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Kibanda hatukukiondoa. Tulijiambia ya kuwa ada za shule zatoka mle.

Ikapita miaka sita. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha tungwa, nayo iliongeza upana wa ardhi ya barabara kuu. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya njia. Sheria mpya ikafanya mita 30. Mwaka 2012 wakaja watu wenye kamba ya kupimia na ndoo za rangi. Nyumba iliyokuwa ndani ya zile mita za zamani ilipigwa alama ya X nyekundu, maana yake mwenyewe aliingia katika ardhi ya barabara, naye atavunja bila fidia. Nyumba iliyokuwa nje ya mpaka wa zamani lakini ndani ya ule mpya ilipigwa X ya kijani, maana yake barabara ndiyo iliyomfuata yeye, naye ana haki ya kulipwa. Nyumba ya baba yetu ilipata kijani. Kibanda chetu kilipata nyekundu.

Hasira iliyotushika siku ile twaona haya kuieleza. Tuliandika barua ndefu. Tulisema: walitutoa mbugani kwa nguvu, wakatuweka kando ya njia, na sasa wanatufukuza kando ya njia! Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa jirani zetu wengi, hasa wajane na wazee ambao walijenga pale walipoonyeshwa mwaka 1974, na hata leo twasema ya kuwa haki yao haifai kucheleweshwa. Majirani walikuja nyumbani jioni kuisikia barua, ili watie majina yao. Tukawasomea kwa sauti ya ualimu. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mama yetu alikuwa ameketi karibu na mlango ule wa mninga, anachambua choroko katika ungo, kana kwamba hasikii.

Tulipokwisha kusoma alisema, "Ng'wanawane, naomba kuuliza."

"Uliza, mayu."

"Baba yako aliambiwa ajenge hapa, naye akajenga hapa. Wewe kile kibanda nani alikuambia ukijenge pale?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea kuchambua choroko zake, kisha akasema tena, bila kuinua macho, "Yule mtoto, kama kibanda kisingalikuwapo, angaliiona motakaa."

Majirani wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Katika miaka ile sita hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia neno hilo, na sasa tulitambua ya kuwa wote walilijua. Walinyamaza kwa kuwa sisi ni mwalimu, tena mzee wa kanisa. Heshima waliyotupa ilikuwa imetuziba macho kuliko kibanda kilivyoyaziba macho ya mtoto.

Usiku ule tuliichana barua, tukaandika nyingine. Ya pili iliwataja wale walioonyeshwa viwanja mwaka 1974 na kuombea fidia yao. Jina letu hatukulitia katika wenye kudai, ila tulilitia katika mashahidi. Jumamosi iliyofuata, kabla ya siku tuliyopewa, tulikivunja kibanda kwa mikono yetu. Wanafunzi wa zamani walikuja kusaidia. Matofali yaliyotoka mazima tuliyapeleka shuleni, yakajengea ukuta wa choo cha wasichana. Mahali pale sasa ni peupe. Mtu akisimama kwenye mlango wa baba yetu huona barabara pande zote mbili, mbali kabisa, mpaka mahali ambapo wakati wa joto lami huonekana kama maji.

Kisha tulikwenda kwa wazazi wa yule msichana, tukasema mbele yao lile tulilopaswa kulisema miaka sita nyuma. Baba yake alinyamaza kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunakungoja." Hatujapata kusikia neno zito kuliko hilo, wala katika mahubiri.

Msichana huyo sasa ni mtu mzima, ni fundi wa kushona nguo mjini, naye ana mtoto. Kila akija Samuye kuwaamkia wazazi wake hupita kwetu. Mara moja alituambia, "Mwalimu, ile penseli sikuipata bado," akacheka. Sisi hatukuweza kucheka. Lakini mwanawe alipoanza shule tulimpelekea penseli zote alizohitaji kwa mwaka ule, na twafanya hivyo kila mwaka.

Ndugu wasomaji, barabara haijaisha kubadilika. Mwaka 2021 kazi ya reli mpya kati ya Mwanza na Isaka ilianza, na mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi likafunguliwa juu ya mkono wa ziwa, hata magari yaendayo Geita kutoka Mwanza hayana haja ya kungoja pantoni. Malori yatazidi. Vijiji vya kando ya njia vitazidi pia, maana watu hupenda kuwa pale wanapoonekana. Kwa hiyo tumetaka kuwaachia maneno machache, si kwa sababu tuna hekima kuliko wengine, bali kwa sababu tumeyalipia.

Kwanza, mtu asijenge mpaka ukingoni mwa njia, hata kama hakuna anayemkataza. Ile nafasi iliyo wazi kando ya barabara si ardhi iliyosahauliwa; ndiyo macho ya mtoto anayevuka. Pili, tuwafundishe watoto kutembea upande wa kulia, ili motakaa zinazowakaribia wazione kwa mbele wala zisiwajie kwa nyuma. Tena wazee waliopo nao watembee hivyo hivyo, maana mtoto hufuata miguu kuliko maneno. Tatu, mwenye kuendesha motakaa akiona kibao cha kilomita 50 kijijini, asikihesabu kuwa ni adui wa safari yake. Kila nyumba aipitayo ina mtu aliyetumwa dukani. Na la mwisho ni letu sisi walimu na wazee wa kanisa: tukiona watu wote wananyamaza mbele yetu, tusidhani ya kuwa wote wamekubali. Na tumwulize mmoja aliye karibu na mlango.

Mama yetu angali hai, ni mzee sana. Jioni huomba tumtolee kigoda nje, akaketi akatazama motakaa zikipita juu ya njia iliyochimbwa na baba mkwe wake. Husema zinakwenda mbio mno. Kisha watoto wanapotoka shuleni huinua fimbo yake juu, na wale madereva wanaomjua hupunguza mwendo mpaka watoto wote wamekwisha vuka.

Mungu awalinde wasafiri wote, na waliokaa kando ya njia. Wasalaam.